Lita 15 za bahari sebuleni: kwa nini kila kitu kilikufa siku ya nne

"Assalaam aleikum. Nakaa Bamburi, nyumba ya kupanga floo ya tatu. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi dogo la lita 15, nikachota maji ya bahari kwa mtungi, nikaweka mchanga wa ufuoni, jiwe la matumbawe nililookota maji yalipokupwa, na samaki watatu wadogo ambao vijana walinikamatia kwenye vidimbwi, vitatange wawili na mweusi mmoja. Pampu ya hewa ninayo. Siku ya pili maji yakaanza kuwa meupe kama tui, siku ya nne wote wamekufa na nyumba inanuka. Maji yalikuwa yanapungua kila siku nami nikawa naongeza ya bahari ili chumvi isipungue. Nimeshatoa kila kitu, jiwe liko kwenye ndoo, nataka kuanza tena manake mdogo wangu wa miaka 9 alilipenda sana. Nimeambiwa jiwe nilichemshe kuua vijidudu, maji niyatengeneze mwenyewe kwa chumvi, na samaki niweke wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tangi dogo hivi linawezekana ama nimepoteza pesa?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya lolote lingine, hilo jiwe usilichemshe. Kama liko jikoni sa hizi zima moto kwanza, fungua madirisha, halafu urudi usome. Juu ya mawe ya matumbawe hukaa viumbe vidogo mfano wa vifungo vya shati vyenye nywele pembeni, vinaitwa zoanthidi, na baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini ambayo ni kati ya sumu kali kabisa zinazotoka baharini. Moto wa jikoni hauimalizi. Inapanda na mvuke na nyumba nzima mnaivuta. Nchi za nje kuna familia zimelazwa hospitali kwa ajili ya jiwe moja tu lililochemshwa. Aliyekushauri alikuwa na nia nzuri, sote tumezoea kuchemsha maji ya kunywa, lakini kwa jiwe la bahari kuchemsha ndiko kunakoleta hatari.

Haya, sasa swali lenyewe. Umeuliza mambo manne ila naona linalokuuma ni moja, yaani uliwapa maji yaleyale waliyotoka, mchanga uleule, jiwe lilelile, na bado wakafa. Kwa nini? Jibu ni kwamba maji yale yalikuwa mazuri siku ya kwanza, lakini kufikia usiku wa pili hayakuwa tena maji yale, na kwa tangi la lita 15 mabadiliko kama hayo yanakuja haraka kuliko mtu anavyoweza kuyaona kwa macho. Huko nje maji hayana mwisho, samaki akitoa uchafu unapotea. Ndani ya lita 15 kila kitu kinachotoka kwa kiumbe kinabaki palepale pamoja naye.

Anza na jiwe. Wewe uliona jiwe, lakini ndani ya vitundu vyake kulikuwa na minyoo, sifongo, vikaa, mwani, mamia ya viumbe. Sifongo wengi hasa hawavumilii kutolewa majini, hewa ikishaingia kwenye vitundu vyao mara nyingi wamekwisha hata ukiwarudisha. Ukalibeba juani, ukapanda nalo tuktuk, ukapanda nalo ngazi mpaka floo ya tatu, na njiani wengi waliomo walikuwa washakufa ama wako njiani kufa. Walipoanza kuoza ndani ya tangi wakatoa amonia. Samaki nao kila wakipumua wanatoa amonia kwa matamvua yao, hata wasipolishwa kitu. Kwa hivyo ikawa inatoka pande mbili na haina pa kwenda.

Baharini, na kwenye tangi lililokomaa, amonia inaliwa. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, na hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa wengi wao wanaishi wamegandama juu ya mawe na mchanga, hawaelei tu majini, ndio maana mtungi wa maji ya bahari hauji nao wa kutosha. Tena wanaongezeka polepole. Tangi jipya linachukua kama wiki 4 mpaka 6 hadi wawe wengi wa kuweza kazi, na hapo kati hakuna njia ya kukwepa kabisa kusubiri ninayoiamini kwa mtu anayeanza. Wewe uliwapa kazi siku ileile.

Ule weupe kama tui ni bakteria wengine kabisa, wa kuozesha, ambao wanazaana kwa saa. Wanakula uozo na huku wanavuta oksijeni. Na maji ya chumvi yenye joto yanashika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, kwa hivyo samaki wako matamvua yanaungua kwa amonia na pumzi nayo inapungua, yote kwa pamoja. Kama ungechungulia usiku ungewaona wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wanafungua wanafunga. Mtu akiona vile hudhani wana njaa, akawatilia chakula, na chakula kikaoza.

Niongeze jambo moja kwa sababu wengi wanatoka kwenye ufugaji wa samaki wa maji ya mtoni wakidhani ni sawa tu. Amonia majini ina sura mbili, moja inaua na nyingine ina nafuu, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni joto na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 mpaka 8.3 na sebule ya Bamburi ina joto, hivo sehemu ile inayoua inakuwa kubwa mara nyingi zaidi kuliko kwenye tangi la maji ya kawaida lenye pH ya 7. Kiasi ambacho samaki wa mtoni angekipita salama, kitatange anakufa nacho.

Sasa lile la kuongeza maji ya bahari. Hili nataka tulikalie kwa muda manake ndilo linaloua matangi madogo mengi hapa Pwani, hata ya watu waliovuka vizuri ile miezi ya kwanza. Maji yakikauka yanayoondoka ni maji matupu. Chumvi haiondoki. Kule Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi wanafanya hivohivo kwa makusudi, wanaingiza maji ya bahari kwenye vidimbwi vipana, jua linanyonya maji, chumvi inabaki, wanaingiza mengine. Wewe ulikuwa na shamba la chumvi sebuleni bila kujua.

Tupige hesabu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, kwa hivyo tangi lako lilianza na gramu 525. Tuseme kwa feni na hewa ya pampu linapoteza nusu lita kwa siku, na kila siku unarudishia nusu lita ya maji ya bahari, yaani unaongeza gramu 17 na nusu. Baada ya wiki moja umetia gramu 122 hivi juu ya zile za mwanzo, na tangi liko pale pale lita 15. Gawanya utapata gramu 43 kwa lita. Wiki mbili, gramu 51. Kwa macho maji ni yaleyale, safi, yamejaa mpaka mstari. Matumbawe na konokono hawawezi kuvumilia hivo, miili yao haina namna ya kujikinga na chumvi inayopanda.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza kwako: yanayokauka yanarudishiwa kwa maji matamu, tena kidogokidogo, asubuhi na jioni, usingoje yapungue lita nzima halafu umwage kwa pamoja. Maji ya bahari unayatumia siku ya kubadilisha maji tu, yaani ukitoa lita moja na nusu ya bahari unarudisha lita moja na nusu ya bahari.

Mimi hili nimejifunza kwa uchungu. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 20, nikaenda Lamu siku tano nikamwachia jirani, kijana mwaminifu kabisa, nikamwambia tu "maji yasipungue". Niliporudi ukingo wa kioo ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi mnene kama kucha, konokono wote wametoka majini wamejibanza kwenye kona juu ya mstari wa maji, na kamba wangu amelala ubavu chini ya jiwe, amegeuka mweupe kama aliyepikwa. Jirani alifanya nilivyomwambia. Sikumwambia maji gani. Tangu siku hiyo kila tangi langu lina utepe mwekundu nje ya kioo kuonyesha mstari, na chupa pembeni imeandikwa MATAMU kwa herufi kubwa.

Maji matamu gani sasa, hapa Mombasa penye maji ya kila aina? Ya bomba yana klorini, na klorini inaua bakteria wale tunaowahitaji. Ya kisima mengi ya kwetu yana chumvichumvi yake na visima vingi viko karibu na vyoo, kwa hivyo nitreti iko juu. Ya mvua ni mazuri lakini si ya kutoka kwenye mabati, manake mabati yanatoa zinki na wadudu wa baharini hawaiwezi. Na usije ukakinga yale yanayodondoka kwenye AC, najua yanaonekana masafi lakini yamepita kwenye vyuma, mara nyingi ni shaba, na shaba kidogo sana inatosha kuua konokono na kamba. Yanayofaa ni yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye chujio laini mno hadi chumvi na madini vinabaki nyuma, yale ya maduka ya kujaza mitungi ya lita 20 ya kunywa. Muulize muuzaji kama anarudishia madini baada ya kuchuja, kama anarudishia tafuta mwingine. Mtungi mmoja utakutosha mwezi na zaidi.

Na chumvi ya dukani, ile ya kupikia, sahau kabisa. Hata kama imetoka baharini si bahari tena. Maji ya bahari yanapokauka vitu havishuki vyote pamoja, kalisi nyingi inaganda mapema, halafu inaganda chumvi ya kawaida ambayo ndiyo inayokusanywa, na magnesi inabaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Ukiyeyusha ile chumvi unapata maji ya chumvi matupu, wakati matumbawe yanahitaji ile kalisi na magnesi kujenga miili yao. Kuna chumvi maalumu za akwariamu zilizochanganywa kila kitu, ni nzuri, ni ghali, na zinaagizwa. Wewe una bahari dakika kumi kutoka mlangoni, kachote.

Ila chota kwa akili. Nenda maji yakiwa yamejaa, si yamekupwa, upande wa bahari kuu, mbali na midomo ya vijito kama Tudor na Mtwapa na mbali na bandarini. Usichote siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, hasa wakati wa masika, manake mvua inapunguza chumvi na inashusha uchafu wote wa mji. Ndoo na mtungi viwe havijawahi kubeba sabuni wala mafuta. Chuja kwa kitambaa safi kisichokuwa na harufu ya sabuni, funika, weka gizani na pampu ya hewa wiki mbili hivi, vijidudu vinavyoelea vitakufa na kutulia chini, kisha tumia ya juu. Na nunua kipimo cha chumvi, rifraktomita, ndicho kifaa cha kwanza kabisa kabla ya taa, kabla ya chochote. Unatafuta 1.025 ama 1.026, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu ambayo ni 1. Ulimi haupimi hapa.

Joto sasa. Watu wanauliza kuhusu hita, wewe hita huihitaji, tatizo lako ni kinyume. Bahari ya Mombasa inakuwa nyuzi 25 hivi wakati wa kusi ikipoa, na Machi inafika 29, hata 30. Matumbawe ya kwetu tayari yanaishi karibu na mwisho wa uwezo wao, nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la msimu wa joto, ikikaa wiki kadhaa, yanapauka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na hiyo ilikuwa bahari nzima. Sebule ya floo ya tatu kaskazi ikiwa imesimama, adhuhuri, madirisha yakipigwa jua, lita 15 zinafika nyuzi 32 kabla hujarudi kutoka kazini. Tangi lisikae dirishani, likae ukuta wa ndani. Taa iwe ya LED, masaa 8 yanatosha. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi, lakini inafanya kazi kwa kukausha maji, kwa hivyo inakurudisha kwenye ile habari ya kujazia, tena siku zenye unyevu mwingi hewani nguvu yake inapungua. Usitumbukize chupa ya barafu. Chupa ya nusu lita iliyoganda inaweza kushusha lita 15 kwa nyuzi 3 na zaidi kwa muda mfupi, na huko kupanda na kushuka kunaua kuliko joto lenyewe.

Jiwe na samaki sasa, na hapa ntakuwa mkweli kwako. Sitakukaripia, hukujua, na vijana wanaokamata vitatange kwenye vidimbwi tumewaona tangu utotoni. Lakini bahari ya kuanzia Mtwapa kushuka ni eneo la hifadhi, Mombasa Marine Park na Reserve yake zimekuwepo tangu 1986, na ndani ya Park huruhusiwi kutoa matumbawe, mawe wala makombe, yawe mazima ama yamekufa. Biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi nayo ina vibali vyake vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Samaki wa mapambo wanaokamatwa pwani kwetu wanakamatwa na wapiga mbizi wenye leseni, kwa hivyo anayekuuzia muulize leseni bila kuona haya. Jiwe lako la kwenye ndoo mimi nisingelitumia. Ukiwa umelitoa ndani ya hifadhi wapigie simu KWS, shirika la wanyamapori, ama ongea na BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wako, wakwambie ulipeleke wapi, usilirudishe mwenyewe likiwa limeoza. Ukilishika vaa glavu, usilisugue kwa brashi likakurukia machoni, mtoto asiliguse.

Na kuhusu kuokota makombe, kombe zile za umbo la pia, nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine zenye michoro mizuri, baadhi zina konokono mzima ndani anayechoma sindano ya sumu inayoweza kuua mtu. Mdogo wako mfunze hilo kabla ya mengine yote.

Badala ya jiwe la baharini, tazama tu mjini. Mombasa imejengwa kwa matumbawe, Fort Jesus yenyewe ni matumbawe, na mawe ya kujengea yanayochimbwa bara kidogo ni mwamba wa matumbawe wa kale uliokauka zamani mno. Ni kalisi kaboneti, haidhuru maji ya bahari. Tafuta vipande vya ukubwa wa ngumi, vipya kutoka machimboni, visivyogusa saruji, rangi wala choo, chagua vyepesi vyenye matundu mengi kwa sababu bakteria wanataka matundu. Vizito vilivyoshikana havifai sana. Osha mpaka vumbi liishe, loweka wiki mbili ukibadilisha maji. Kilo moja na nusu inatosha tangi lako. Ukimpata mfugaji mwenzio mwenye tangi lililokomaa akupe kajiwe kamoja kadogo kenye bakteria, utakuwa umepunguza muda. Mchanga sentimita 2 tu, wa kununua, umeoshwa.

Jambo ambalo hukuuliza: mrudie fundi umuulize alitumia silikoni gani, ile gundi ya kuunganishia vioo. Zile za bafuni zenye dawa ya kuzuia ukungu zinavujisha dawa hiyo majini na inaua. Kama hajui ama hakumbuki, mwambie atoe yote agundishe upya kwa silikoni ya akwariamu, si kazi kubwa kwa tangi la lita 15. Na nyaya zote za stima zining'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni. Maji ya chumvi na stima si mchezo.

Ukishapanga mawe, mchanga, maji, na pampu ndogo ya kusukuma maji ya kama lita 200 kwa saa, tia kipande cha nyama ya kamba mbichi ukubwa wa punje ya mahindi kisha usiguse. Kitaoza, amonia itapanda, na hilo ndilo tunalotaka, ndicho chakula cha wale bakteria. Nunua vipimo vya amonia, nitriti na nitreti, upime kila siku mbili, mdogo wako aandike. Utaona amonia inapanda halafu inashuka, nitriti inapanda nyuma yake halafu nayo inashuka. Zote mbili, amonia na nitriti, zikisoma sifuri wiki nzima tangi liko tayari. Kioo kitapata uchafu wa kahawia katikati hapo, kisha mwani wa kijani. Usiogope, kila tangi hupita huko.

Halafu uweke nini? Kwa lita 15, samaki hapana. Najua si jibu mdogo wako alilotaka. Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe kwanza si wa bahari yetu, wanatoka upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, wa kwetu ni ndugu zao, kuna mmoja wa rangi ya chungwa iliyofifia mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Wote wanakua mpaka sentimita 8 na zaidi na hata wawili hao wanahitaji lita 60 ama zaidi. Kitatange ndio kabisa, wengi wao chakula chao ni matumbawe yenyewe na hula siku kutwa wakizunguka mwamba mpana. Ndani ya lita 15 hata ungefanya kila kitu sawa angekufa njaa taratibu.

Kinachowezekana ni hiki: konokono wawili watatu wadogo wa kula mwani, kamba mmoja ama wawili wa aina ndogo, kuna mmoja hafiki sentimita 2, kahawia mwenye madoa meupe, anatembea huku akitikisa mkia juu na watoto wanampenda kuliko samaki. Baada ya miezi miwili mitatu, vipande viwili vya matumbawe laini vilivyokatwa na mfugaji kutoka tangi lake, mfano yale ya umbo la uyoga uliolala ama yale yanayofumba na kufumbua vidole kama mkono. Haya hayajengi mifupa ya kalisi, hayadai sana. Zile zoanthidi, kwa nyumba yenye mtoto, mimi nisingeziweka hata ukipewa bure. Na kama matumbawe halali hupati, fikiria tangi la mwani. Kibuyuni kule Kwale akina mama wanalima mwani baharini, mwani unaujua, lakini uliza aina ndogondogo kwa wafugaji wa tangi manake ule wa shambani unataka mawimbi na jua ambavyo wewe huna. Mwani wa kijani, konokono na kamba, ni tangi zuri, tena mwani unakula nitreti yako.

Kama roho yako iko kwa samaki, basi usitumie pesa hapa, weka akiba ufike lita 60. Gharama ya tangi inapanda, ndiyo, lakini kipimo ni kilekile, ndoo ni ileile, na maji mengi yanakusamehe makosa. Likijaa litakaribia kilo 80 pamoja na mawe na kioo, kwa hivyo si la kuweka juu ya meza ya plastiki.

Kila wiki badilisha lita moja na nusu, maji mapya yakiwa na chumvi na joto sawa na ya ndani. Stima ikipotea, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, kwa usiku mmoja matumbawe laini na kamba watavumilia wakipata hewa.

Na kuna mambo usinisubiri mimi wala mtu yeyote wa kuandika. Mtu akipata ladha chungu ama ya chuma mdomoni baada ya kushika mawe, kifua kubana, kikohozi, homa, misuli kuuma, ama jicho kuwasha na kuwa jekundu, nenda hospitali saa hiyohiyo na umwambie daktari wazi kwamba umeshika matumbawe na kuna sumu ya palitoksini, wengi hawatalifikiria wenyewe. Kidonda mkononi kinachokataa kupona wiki kadhaa, chenye uvimbe mdogo, mwambie pia unafuga samaki, kuna bakteria wa majini wanaohitaji dawa yao maalumu. Kwa habari za leseni nenda ofisi ya uvuvi ya kaunti, na wataalamu wa bahari wako KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani. Maji yakikuchanganya beba nusu lita kwa mfugaji mzoefu mpime pamoja, utajifunza kwa saa moja yale ambayo mimi siwezi kuyaandika.

Wiki hii usinunue kitu. Silikoni ikishathibitishwa, jaza tangi maji ya bomba matupu, bandika utepe kwenye mstari, washa feni kama utakavyoiwasha. Kila jioni mpe mdogo wako kikombe cha kupimia, ajazie mpaka kwenye utepe na aandike mililita ngapi zimeingia. Siku saba. Ikiwa inapita nusu lita kwa siku, mwambie fundi akukatie kifuniko cha kioo chenye nafasi ya kidole upande mmoja, mrudie kupima. Ukishapata namba hiyo niandikie, tutaendelea kutoka hapo.